Kupaki ni jero, foleni ni ghali: Maegesho yanavyoibana Dar

Jumamosi moja, saa tano asubuhi, nilikwenda Kariakoo kununua koki mbili za maji na bomba la futi chache. Vitu vya kubeba mkononi. Lakini nilikwenda na gari, si unajua mambo ya jua.

Kutoka Mnazi Mmoja hadi dukani kwa miguu ni kama dakika kumi. Mimi nilitumia dakika 35. Katika hizo, kama 25 sikuwa naelekea popote. Nilikuwa nazunguka. Mtaa wa kwanza umejaa, wa pili umejaa, wa tatu kuna kanta inashusha mabelo katikati ya njia. Kijana mmoja akanipungia mkono: "Bosi, weka hazadi hapo hapo, huyo wa Noah anatoka sasa hivi."

Nikaweka hazadi. Huyo wa Noah hakutoka. Nyuma yangu zikajipanga bajaji nne, guta la maboksi na kirikuu ya soda, wote wanapiga honi.

Mke wangu akapiga simu kuuliza niko wapi. Nikamjibu kama anavyojibu kila mtu wa Dar: "Niko kwenye foleni." Kumbe foleni yenyewe nilikuwa naitengeneza mimi na wenzangu wa hazadi.

Tukizungumzia foleni ya jiji hili huwa tunataja barabara nyembamba, mataa, trafiki aliyezuia upande mmoja muda mrefu na bodaboda. Yote yana ukweli wake. Ila kuna kitu kimoja tunakipita kila siku bila kukiangalia: gari lililofika linakokwenda na halina pa kusimama.

Gari linalotafuta

Mtu aliyelishughulikia jambo hili kuliko wengi ni Profesa Donald Shoup wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, aliyefariki Februari 2025. Mwaka 2005 alitoa kitabu kinene kuhusu gharama ya maegesho ya bure, na hadi leo wapangaji wa miji wanabishana juu yake.

Shoup alipima eneo dogo la biashara karibu na chuo chake, mitaa 15 tu. Kila dereva alizunguka wastani wa dakika 3.3 kabla ya kupata nafasi. Dakika tatu! Kwa mtu wa Kariakoo hiyo ni bahati, unaweza hata kutoa sadaka. Lakini alipojumlisha magari yote kwa mwaka mzima, mizunguko hiyo ilifika maili 950,000, yaani kama kilomita milioni moja na nusu. Ni sawa na kwenda mwezini mara nne, na yote ni kuzunguka mitaa 15.

Pia alikusanya tafiti za miji mbalimbali za kuanzia mwaka 1927 hadi 2001, akakuta kwa wastani asilimia 30 hivi ya magari barabarani yalikuwa yanatafuta nafasi. Takwimu hiyo watu wanaipenda sana, na wanaitumia vibaya. Shoup mwenyewe alitahadharisha kwamba watafiti huwa wanapima mitaa ambayo tayari imejaa, kwa hiyo huwezi kuichukua ukaibandika kwenye jiji zima. Barabara ya Morogoro pale Kimara haina asilimia 30 ya watu wanaotafuta paking. Ila Mtaa wa Aggrey au Samora saa nne asubuhi, hapo tunaweza kuongea.

Fanya hesabu mwenyewe kwenye simu. Chukua mtaa mmoja wenye nafasi 20. Kila nafasi ipokee magari manane kwa siku, jumla magari 160. Kila moja lizunguke dakika tano kabla ya kupata. Hizo ni dakika 800, zaidi ya saa 13 za injini kuunguruma kila siku. Kwa mwendo wa kilomita 10 kwa saa, unapata kilomita 133. Umetoka Dar, umeipita Chalinze, na mtaa bado ni ule ule mmoja.

Na hapo hujahesabu magari yaliyokwama nyuma ya huyo anayezunguka. Mtaa wa njia mbili ukiweka gari moja la hazadi, umebaki na njia moja. Ukiweka kanta upande wa pili, huna mtaa tena, una uwanja wa kubishana.

Moshi anavuta nani?

Gari linalotafuta paking linachafua kuliko linalokwenda. Linasogea, linasimama, linasogea. Injini ndogo ikiwa inaunguruma tu bila kusogea inaweza kula kati ya nusu lita na lita moja kwa saa, na kila ukikanyaga mafuta kuondoka inakula zaidi.

Halafu kuna ule mfumo wa kusafisha moshi kwenye ekzosti, mafundi wetu wanauita masega. Haufanyi kazi vizuri mpaka upate joto la nyuzi mia mbili na kitu. Gari likizimwa nusu saa, likawashwa kusogezwa mtaa wa pili, likazimwa tena, kila mara linatoa moshi mchafu wa kuanzia. Na hapo tunaongelea gari ambalo masega bado yapo. Wengi wenu mnajua magari ambayo yalishang'olewa.

Sasa angalia nani yuko pale. Dereva amefunga vioo, kiyoyozi kinapuliza. Mama lishe yuko hatua mbili kutoka kwenye ekzosti tangu saa kumi na mbili asubuhi. Machinga wa mikanda, kuli, trafiki, mtoto aliyebebwa mgongoni. Maghorofa ya Kariakoo na Posta yamesimama pande zote mbili za mitaa myembamba, kwa hiyo moshi hauondoki haraka, unabaki kuzunguka hapo chini pamoja na sisi.

Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kwamba uchafu wa hewa ya nje ulisababisha vifo milioni 4.2 vya mapema duniani mwaka 2019. Mwaka 2021 shirika hilo lilishusha kiwango linachopendekeza cha vumbi laini, lile linaloingia hadi ndani ya mapafu, kutoka mikrogramu 10 hadi 5 kwa kila mita ya ujazo ya hewa kwa wastani wa mwaka. Moshi wa magari ni chanzo kimoja tu cha vumbi hilo, kuna majiko ya mkaa, takataka zinazochomwa na vumbi la barabarani. Lakini huu wa kutafuta paking ni moshi usiokuwa na kazi. Haukumpeleka mtu popote.

Afrika Mashariki ilichukua hatua nzuri Januari 2015 ilipoingiza dizeli yenye salfa kidogo zaidi. Mafuta yakawa safi kuliko zamani. Magari yakaongezeka, na muda wa kuzunguka ukaongezeka pia.

Saa ya gari na nauli ya mtu

Ada ya TARURA kwa gari dogo mjini Dar imekuwa shilingi 500 kwa saa. Jero. Nauli ya chini ya daladala kwa mtu mzima, tangu LATRA ilipopandisha Desemba 2023, ni shilingi 600.

Soma tena taratibu. Mtu anayepanda daladala, anayeshika bomba, anayechukua nafasi ya miguu yake miwili, analipa 600 kwa safari fupi. Gari linalochukua kama mita za mraba 12 za ardhi ya katikati ya jiji, ambapo fremu ya duka ya ukubwa huo huo inakodishwa kwa pesa ya kukutoa jasho, linalipa 500 kwa saa. Na mara nyingi ndani yake alikuja mtu mmoja.

Simlaumu mwenye gari. Mimi ni mmoja wao, na jero ile huwa nalalamika nikiilipa. Nikipata ujumbe wa deni la maegesho kwenye simu, moyo unaruka kama wa kila mtu. Lakini bei hiyo hiyo ndiyo inayoniambia: njoo na gari.

Tatizo lingine ni kwamba bei ni ile ile kwenye mtaa uliofurika na mtaa wenye nafasi tele, saa nne asubuhi na saa tisa alasiri. Bei haimwambii dereva chochote. Anabaki na njia moja ya kujua nafasi iko wapi: kuzunguka.

Nairobi wana kisa chao, na kwa maoni yangu ni kibaya zaidi. Kwa miaka mingi pale katikati ya jiji ada imekuwa ya siku nzima. Mwaka 2013 kaunti ilipandisha kutoka shilingi 140 hadi 300 za Kenya, watu wakapiga kelele, kesi zikaenda mahakamani, na tangu hapo kiasi kimekuwa kikibishaniwa kila baada ya muda. Wote wanabishania kiasi. Saa hazitajwi sana. Anayekwenda benki dakika 20 analipa sawa na aliyefika saa moja asubuhi na kuliacha gari mpaka jioni. Ukishalipa ya siku nzima, una sababu gani ya kutoka mapema?

Waliojaribu njia tofauti ni San Francisco, Marekani. Kati ya 2011 na 2013 waliweka mfumo wa bei inayobadilika kwa mtaa na kwa saa. Lengo halikuwa kukusanya hela nyingi. Lengo lilikuwa kila mtaa ubaki na nafasi moja moja wazi. Mtaa ukijaa mno, bei inapanda kidogo. Ukiwa mtupu, inashuka.

Matokeo waliyotangaza: muda ambao watu walisema wanatumia kutafuta nafasi ulishuka asilimia 43 kwenye maeneo ya majaribio, na asilimia 13 tu kwenye maeneo ya kulinganishia. Mizunguko ya magari ikapungua asilimia 30. Na hii ndiyo sehemu ninayoipenda: wastani wa bei haukupanda. Ulishuka, kutoka dola 2.69 hadi 2.58 kwa saa. Ilionekana mitaa mingi ilikuwa inatoza kupita kiasi na michache inatoza kidogo mno.

Najua utasema Dar sio San Francisco. Kweli. Wenzetu walichimbia vifaa vya kuhesabu magari kwenye lami. Lakini sisi tuna kitu kingine. Siku hizi mhudumu wa maegesho anaingiza namba ya gari lako kwenye mashine, deni linahesabika kwa saa, unalipa kwa simu. Maana yake kumbukumbu zipo: gari gani, wapi, saa ngapi. Hatuhitaji kuchimba lami kujua Mtaa wa Samora unajaa saa ngapi.

"Si wajenge paking tu?"

Hili ndilo jibu la kwanza la kila mtu, na linaingia akilini haraka. Nafasi hazitoshi, ongeza nafasi.

Jaribu kuwaza ghorofa la magari 500 pale Posta. Asubuhi kati ya saa moja na saa tatu, magari 500 yanaelekea mlango mmoja kwa barabara zile zile. Jioni yanatoka pamoja. Hujaongeza hata mita moja ya barabara, ila umewaambia watu 500 ambao walikuwa wanasitasita kwamba sasa wanaweza kuja na gari bila wasiwasi.

Ofisi nazo zinafanya hivyo hivyo kwa njia nyingine. Kuna waajiri wanaowapa wafanyakazi nafasi ya bure, kisha nje ya jengo wanaweka zile ndoo za rangi zilizojazwa zege na bomba katikati, imeandikwa "RESERVED". Barabara ya umma, ndoo ya mtu binafsi! Shoup aliwahi kufuatilia kampuni nane za California zilizowapa wafanyakazi hiari: chukua nafasi ya paking au chukua thamani yake kwa fedha taslimu. Waliokuwa wakiendesha peke yao kwenda kazini walishuka kutoka asilimia 76 hadi 63. Hakuna aliyelazimishwa. Watu waliona tu kwamba ile paking ya bure kumbe ina bei.

Na hata nafasi zilizopo hatuzitumii zote. Ukizunguka Kariakoo utaona majengo yenye ghorofa ya chini ya ardhi iliyogeuzwa stoo ya mabelo au maduka. Mwenye jengo hesabu yake iko wazi: belo linalipa kodi kubwa, gari linalipa kidogo. Magari yaliyopaswa kulala chini yanalala barabarani, na mteja wa hilo duka la chini naye anakuja na gari.

Hapa nakumbuka jambo moja kuhusu haya magari yetu. Ile IST au Vitz unayoendesha, kabla haijapanda meli kuja Dar, ilikuwa Japan. Na Japan, kwa sheria ya tangu 1962, sehemu nyingi za nchi huwezi kusajili gari mpaka polisi wathibitishe kwamba una mahali pa kuliegesha, nje ya barabara, karibu na unapoishi. Kuliacha gari barabarani usiku kucha ni kosa. Tulinunua gari, tukalipia meli, tukalipia ushuru wa bandarini, sharti la pa kulilaza tukaliacha kule kule.

Anayeumia bei ikibadilika

Pingamizi la kweli linatoka kwa mfanyabiashara. Mteja wa Mbagala au wa Morogoro anayekuja kununua jumla na gari lake dogo, ukimtoza elfu mbili kwa saa, atahama. Mwenye duka atalia kabla ya serikali.

Ni pingamizi zito, lakini nadhani limekaa kinyume. Mteja wa jumla anakaa saa moja au mbili. Anayemzibia nafasi mara nyingi ni gari lililofika saa moja asubuhi na halitaondoka mpaka jioni, na mara nyingi sana ni la mwenye duka mwenyewe au la jirani yake. Nimewahi kumsikia mfanyabiashara akilalamika wateja wake hawana pa kupaki, huku Prado yake imekaa mbele ya duka kama tangazo. Bei inayoanza chini na kupanda kadiri saa zinavyokwenda ingemsaidia mteja wa saa moja. Ingemuumiza mwenye Prado.

Mizigo ni suala la peke yake. Kanta haiwezi kupaki mbali, na kumfukuza mwenye kanta ni kuua soko. Lakini mwaka 2025 Kariakoo ilizinduliwa rasmi kama eneo la biashara saa 24. Kama maduka yanaweza kuwa wazi usiku, kushusha mabelo nako kunaweza kuhamia usiku, mitaa ikiwa wazi. Kuli atadai malipo ya usiku, na ana haki. Taa na ulinzi vitahitajika. Hata hivyo ni rahisi kuliko kujenga barabara ya juu.

Kinachoshindikana ni kukataza tu. Kenya walijaribu mwanzoni mwa 2019: waziri wa uchukuzi wa wakati huo, James Macharia, alitangaza siku zisizo na magari katikati ya Nairobi, Jumatano na Jumamosi. Mpango ukaahirishwa kabla haujaanza. Watu waliuliza swali moja tu: tutakuja na nini?

Swali hilo liko Dar pia. Mwendokasi ulipoanza mwaka 2016 kutoka Kimara, wapo walioliacha gari nyumbani kwa hiari yao. Kisha msongamano vituoni na uchache wa mabasi ukawarudisha wengine kwenye usukani. Ukipandisha bei ya kupaki bila kuongeza mabasi, unamtoza mtu faini kwa kosa ambalo hana njia ya kuliepuka. Na hapa ndipo kazi inapogawanyika vibaya: maegesho yako TARURA, barabara kubwa ziko TANROADS, nauli na leseni ziko LATRA, mwendokasi uko DART, vibali vya majengo viko kwa halmashauri, na anayepuliza filimbi ni polisi. Kila mmoja ana kipande chake, na foleni ni ya wote.

Wakitaka kuanza na kidogo, waanze na mitaa mitano: watangaze imejaa kiasi gani kila saa kwa kumbukumbu wanazokusanya tayari, wabadilishe bei kwenye hiyo mitano tu, na fedha itakayozidi irudi kwenye mitaa hiyo hiyo kwa njia ambayo mwenye duka ataiona, mtaro uliozibuliwa, taa, njia ya miguu. Mji wa Pasadena, California, ulianza kufanya hivyo mwaka 1993 na wafanyabiashara waliokuwa wanapinga mita wakakubali, baada ya kuahidiwa kwamba hela itabaki mtaani kwao.

Koki zangu? Moja ilivuja. Jumatatu nikairudisha, safari hii kwa mwendokasi hadi Gerezani. Nilisimama njia nzima, mtu mmoja alinikanyaga mguu mara mbili, na jasho lilinitoka. Kutoka kituoni hadi dukani nilitembea dakika sita. Kanta ilikuwa pale pale katikati ya njia, na nyuma yake kuna jamaa kwenye Noah ameweka hazadi, anaongea na simu.